Uwanja wa Ndege wa Zamani

Ujumbe uliingia saa mbili na nusu asubuhi. Safari yangu ya kurudi Dar es Salaam, iliyopangwa kuondoka Songwe saa sita mchana, ilikuwa imesogezwa hadi saa kumi na moja jioni. Nilikuwa Ilomba, nyumbani kwa shangazi, ambako nililala usiku mmoja tu nikitokea msibani Kyela. Begi lilikuwa limekwisha kufungwa. Mfuko wa mchele alionipa shangazi ulikuwa mlangoni, umeshonwa mdomo kwa uzi wa katani.

"Sasa utafanya nini mpaka jioni?" aliniuliza.

"Nitakwenda kuangalia ndege, shangazi."

"Wapi? Songwe?"

"Hapa hapa. Uwanja wa zamani."

Akacheka. "Mwanangu, uwanja ule hauna ndege tangu 2012."

Nikamwonyesha darubini niliyoitoa begini. Akaigeuzageuza mkononi, akaiweka machoni upande usio wake, akaniona mdogo kama punje ya mchele, akacheka tena. Kisha akachukua kanga yake ya pili na kikapu. Alisema sokoni Soweto atapita baadaye. Kwanza anataka kuona mtu mzima akipoteza asubuhi kwa kuangalia ndege.

Kosa la shangazi halikuwa kosa lake, lilikuwa la lugha yetu. Kiswahili kina neno moja kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa chombo cha bati. Tunavitofautisha kwa kiambishi tu: ndege amepaa, ndege imepaa. Ndege wametua, ndege zimetua. Herufi moja au mbili ndizo zinazoamua kama tunazungumzia mbayuwayu au chombo cha abiria mia. Lakini katika maneno "uwanja wa ndege" hata msaada huo haupo, kwa sababu "wa" ni wa uwanja, si wa ndege. Ukisikia mtu akisema anakwenda uwanja wa ndege, sarufi yenyewe haikuambii anakwenda kuona nini. Shangazi alisikia zile zilizohamia Songwe Desemba 2012, uwanja mpya ulipofunguliwa. Mimi nilikuwa nawafuata wale ambao hawakuhama.

Tulivuka barabara kuu ya Tanzania na Zambia kwa hofu ileile ya kila siku, malori yakishuka kuelekea Mbalizi na Tunduma, bajaji zikichomoka kila upande. Mvua za kwanza za Novemba zilikuwa zimenyesha usiku. Mlima Loleza ulikuwa umevaa ukungu hadi kiunoni.

Ukitaka kuelewa kwa nini uwanja ule uliachwa, itazame milima hiyo. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na ndege hupaa kwa kuegemea hewa. Ikiwa nyepesi, chombo kinahitaji kukimbia zaidi ardhini kabla hakijabebwa. Kwa hiyo uwanja wa nyanda za juu unahitaji njia ndefu kuliko wa pwani kwa chombo kilekile na mzigo uleule. Lakini mji ulikuwa umekwisha kuuzunguka uwanja, na milima imeuzunguka mji. Hapakuwa na pa kunyooshea. Songwe, mbele ya Mbalizi, kuko chini zaidi na kumetandaa. Ndege kubwa zikaenda huko, na jiji likabaki na jina: uwanja wa ndege wa zamani.

Lakini mambo ya zamani ya Mbeya na ndege yanaanza mbali zaidi ya hapo. Mji wenyewe ni kijana. Ulianza 1927, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikiwavuta watu kutoka kila pembe. Miaka mitano baadaye ulikuwa umekwisha kuingia katika ratiba ya dunia. Februari 1931 kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial Airways ilifungua safari kutoka London hadi Mwanza. Januari 1932 ikairefusha hadi Cape Town. Kutoka Nairobi ndege ilishuka kusini kwa hatua fupifupi: Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika ng'ambo ya mpaka, na kuendelea. Safari nzima kutoka London hadi Cape Town ilichukua takriban siku 11. Vyombo vya wakati ule havikuweza kuruka mbali bila kujaza mafuta, na marubani walihitaji kuiona ardhi. Abiria walikuwa wachache, wasiofika 20 hata chombo kikijaa, na mzigo uliolipa safari ulikuwa barua.

Hivyo Mbeya, mji uliokuwa haujatimiza umri wa mtoto wa kwenda shule, ulikuwa kituo kwenye njia ya mabara mawili. Mtu aliyepanda London alishuka hapa, akanyoosha miguu, akaitazama milima hii, akapanda tena. Alikuwa na muda kidogo wa kungoja, kama mimi asubuhi ile, tofauti ikiwa kwamba yeye hakuwa na shangazi Ilomba.

Utukufu huo haukudumu. Mwaka 1937 kampuni ile ilihamishia safari zake kubwa kwenye ndege za majini, zilizotua juu ya maji badala ya nchi kavu. Njia ikaacha nyanda za juu ikashika pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini mpaka Durban. Mbeya haina bahari. Ndege za mbali ziliikwepa kwa sababu ya mafuta na maji, kama zilivyokuja kuuacha uwanja wa mjini miaka 75 baadaye kwa sababu ya hewa na milima. Mara zote mbili wale wengine hawakubadilisha njia.

Tulifika. Palikuwa na majani mafupi, madimbwi ya mvua ya usiku, njia za miguu zilizokatwa na watu wanaokwenda kazini, na vijana wawili wakipiga mpira. Yangeyange kumi na wawili walikuwa wakitembea kwa hatua za mahakimu. Mwewe alizunguka juu, mkia wake ukijipinda kushoto na kulia kama usukani. Kunguru wenye vifua vyeupe walikuwa wakigombea kitu karibu na mfereji. Na juu ya madimbwi, wakipita chini kabisa, wakikwangua maji kwa vidomo, walikuwa mbayuwayu.

Nilimpa shangazi darubini, safari hii upande wake. Alimfuata mmoja kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Hawa si wa hapa," alisema. "Hawa huja na mvua, mvua zikiisha wanaondoka. Tulipokuwa watoto tuliambiwa wanakwenda kulala ziwani, chini ya maji."

Nilitaka kucheka, lakini wasomi wa Ulaya nao waliamini hivyohivyo kwa karne nyingi. Waliona mbayuwayu wakikusanyika kwenye matete ya maziwa mwishoni mwa majira ya joto, kisha hawawaoni tena mpaka mwaka ufuatao, wakahitimisha kwamba wamezama matopeni kulala. Kilichowafumbua macho kilitoka kwetu. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Alikuwa ameruka nao njia yote. Mpaka leo yuko kwenye chuo kikuu cha Rostock, amekaushwa, na mkuki wake bado shingoni. Wajerumani wakampa jina linalomaanisha korongo wa mshale. Mtu fulani wa bara hili, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alikuwa ametoa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba ndege hawa huvuka mabara. Alichotaka yeye ni kitoweo tu.

Uthibitisho wa mbayuwayu ulichukua muda zaidi. Mei 1911, huko Staffordshire Uingereza, mwanasheria aitwaye John Masefield alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege yule alipatikana Natal, Afrika Kusini. Mbayuwayu ana uzito wa gramu zipatazo 20. Miaka 20 kabla Imperial Airways haijatangaza njia yake ya kusini kwa fahari, kiumbe mwenye uzito huo alikuwa na pete ya kuthibitisha kwamba njia hiyo ni yake, na kwamba babu zake waliipita kabla ya mtu yeyote kuichora kwenye ramani. Wengi wa wasafiri hawa hufanya kama marubani wale: hushuka kwa hatua, hujaza mafuta, huendelea. Mafuta yao ni mafuta kweli, yaliyotunzwa chini ya ngozi kutokana na wadudu waliowala njiani. Dimbwi la Mbeya lenye mbu na nzi ni kituo cha kujazia.

Mmoja wa vijana waliokuwa wakicheza mpira alitusogelea. "Shikamoo mama," alimwamkia shangazi, kisha akanigeukia. "Kaka, unapima viwanja?"

"Hapana. Naangalia ndege."

"Ndege hazitui hapa siku hizi."

"Naangalia wanaotua."

Alifikiri kidogo, akatabasamu alipoipata. Aliomba darubini. Baada ya dakika tano wenzake nao walikuwa wamepanga foleni, na mpira umelala kwenye majani.

Swali lake la kupima viwanja halikuwa la kipuuzi. Katika jiji linalokua kama Mbeya, eneo la wazi halikai bila kuulizwa litakuwa nini. Viwanja vya ndege, popote duniani, ni maficho ya ndege yasiyokusudiwa: nyasi ndani ya mji, pasipo nyumba wala jembe. Wakati huohuo ni mahali ambapo ndege hawatakiwi kabisa. Oktoba 1960, huko Boston Marekani, kundi la ndege wadogo liliingia kwenye injini za chombo kilichokuwa ndio kwanza kinapaa. Watu 62 walikufa. Januari 2009 mabata bukini walizima injini zote mbili za ndege iliyotoka New York, na rubani akaitua mtoni Hudson. Wote 155 walipona. Kwa hiyo viwanja vinavyofanya kazi hufyeka majani kwa vipimo, hufukuza ndege kwa milio na baruti, huzuia majalala jirani. Pale Ilomba mgogoro huo ulikwisha siku injini ya mwisho ilipoondoka. Waliobaki walikaa kwa amani, mpaka mtu atakapokuja kweli na kamba ya kupimia.

Karibu saa nne na nusu kijana mmoja alisema, "Yule wa njano ni nani?"

Alikuwa amesimama juu ya kichuguu kidogo, mrefu wa mwili, mgongo wa kahawia. Koo lilikuwa la njano kama kiini cha yai la kienyeji, na chini ya koo palipita mkufu mweusi. Aliimba kifupi, akaruka chini kwa mapigo magumu ya mabawa, akatua tena. Nilifungua kitabu nilichokuwa nacho. Wako wawili wanaofanana hivyo katika nyanda hizi. Mmoja ana michirizi pembeni mwa kifua. Mwingine hana, tumbo lake limetulia rangi moja. Wa pili ni ndege wa majani ya milimani, na kisayansi huitwa Macronyx fuelleborni. Macronyx maana yake ni kucha kubwa, kwa sababu ya ukucha mrefu wa nyuma unaomsaidia kutembea juu ya majani yaliyolala. Fuelleborni ni jina la mtu.

Kijana aliuliza mtu gani. Nilimweleza kwa kifupi. Hapa naweza kueleza zaidi.

Friedrich Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani. Miaka ya mwisho ya karne ya 19 alifanya kazi katika nchi za kaskazini mwa Ziwa Nyasa na Uhehe, akikusanya ndege na kupeleka ngozi zao Berlin. Huko Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, alizifungua, akazipima, akazipa majina. Mwaka 1900 peke yake Reichenow alitangaza ndege kadhaa kwa jina la daktari yule: huyu wa mkufu, na tiva mweusi wa misitu ya milimani, na mwimbaji mmoja wa chini ya miti mwenye kifua cheupe. Ukitembea leo kutoka Rungwe mpaka Udzungwa, kila asubuhi milima inaimba kwa sauti za ndege wanaobeba jina la mganga wa kijeshi wa Kijerumani.

Hiyo ilikuwa miaka gani hapa kwetu? Ilikuwa miaka ya vita vya Uhehe. Mtwa Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Fülleborn hakuishia kwenye ndege. Mwaka 1902 alichapisha kazi juu ya vipimo vya miili ya watu wa nchi za kaskazini mwa Nyasa. Ule mkono uliopima urefu wa bawa ulipima pia vichwa vya watu, na kwa mtazamo wa wakati ule hiyo ilikuwa kazi moja: kuingiza nchi nzima kwenye droo zenye lebo.

Sisemi ndege yule ana hatia kwa jina alilopewa. Yeye halijui. Lakini swali la majina si la jana. Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yanayotokana na majina ya watu. Ya kisayansi yatabaki, maana sheria zake ni nyingine. Ndege wetu hawamo katika uamuzi huo. Sisi tungeanza wapi?

Zamu ya Waingereza ilipofika, majina yakaendelea. Hubert Lynes, admirali mstaafu, aliwapenda ndege wadogo wa kahawia wa majanini ambao karibu wote wanafanana, na mwaka 1930 alichapisha kazi kubwa juu ya ukoo wao mzima. Alifika nyanda za juu hizi, na mwaka 1933 akamtambulisha mmoja aliyempa jina la mahali: Cisticola njombe. Ni moja ya majina machache ambayo mtoto wa Mbeya au Iringa anaweza kuyasoma akajiona yumo.

Na kuna jina jingine, ng'ambo kidogo ya mpaka, ninalolipenda kuliko yote. Jali Makawa alikuwa mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo. Kuanzia miaka ya 1930 alifanya kazi na mtaalamu wa Kiingereza, Constantine Benson. Makawa ndiye aliyejua kuwaita ndege kwa mluzi mpaka wakaja. Ndiye aliyewaona kwanza, aliyewapiga, aliyewachuna ngozi. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alipatikana kitororo mmoja asiyefanana na wengine, na mwaka uliofuata akaitwa Pogoniulus makawai. Tangu siku ile hakuna mwingine kama yeye aliyepatikana, na wataalamu bado wanabishana kama ni aina ya pekee au ni kitororo wa kawaida aliyezaliwa na rangi tofauti. Mwafrika aliyefanya kazi hiyo kwa miongo alipewa ndege mmoja, na huyo mmoja ana kesi.

Mara nyingine anayejua zaidi hahojiwi hata kidogo, anapika tu. Mwaka 1991 watafiti wa Kidenmarki na wenzao wa Kitanzania walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa, mkoani Iringa. Chakula kilikuwa nyama ya ndege wa msituni. Miguu iliyoelea sufuriani ikamshtua mmoja wao, kwa sababu haikuwa ya kwale yeyote anayemjua. Mwaka 1994 kwale wa Udzungwa alitangazwa kwa dunia, na ndugu zake wa karibu walidhaniwa kuwa kwale wa misitu ya Asia. Magazeti yaliandika kwamba ndege mpya amegunduliwa. Aliyemweka sufuriani alikuwa amekwisha kumgundua, na alijua pia kwamba ananoga.

Nilikuwa nasimulia haya kwa mbwembwe, vijana wakicheka, nikaona shangazi amekaa kwenye jiwe, darubini mapajani, hacheki.

"Umechoka, shangazi?"

"Hapana." Alinyamaza, kisha akasema, "Sisi ndege tuliowajua hawakuwa wa kuangalia."

Nilijua anasema nini, ingawa hatujawahi kulizungumza. Neno lile lina vyumba vingine. Ndege ni dalili: ukianza safari ukapata ndege njema unaendelea, ukipata ndege mbaya unarudi nyumbani. Na ndege ni ugonjwa. Degedege humkamata mtoto mdogo, mwili unakakamaa, macho yanageuka. Wazee walisema ni ndege, au nondo mkubwa, anayepita usiku juu ya nyumba yenye kichanga. Madaktari wanasema ni homa kali, na katika nchi za joto mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Shangazi alizaliwa Rungwe, kwenye baridi, akaolewa Kyela, chini kando ya ziwa, ambako mbu hawapumziki. Mwaka 1981 mtoto wake wa kwanza, mwenye mwaka mmoja na miezi, alikamatwa usiku.

"Mama mkwe alisema tusimpeleke hospitali," alisema. "Alisema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Watu wote walijua hivyo. Tulimfukiza dawa mpaka alfajiri. Tulipompeleka alikuwa ameshachoka."

Imani ile ya sindano haikuwa ya Kyela peke yake. Imeenea sehemu nyingi za Tanzania, na ina mantiki yake ya kusikitisha. Watoto wengi waliofikishwa hospitali walifikishwa wakiwa mahututi, wakafa muda mfupi baada ya sindano, na waliobaki nyumbani wakaona sindano ndiyo iliyoua. Kila aliyechelewa aliwachelewesha wengine.

"Kwa miaka sikutaka kusikia ndege akilia juu ya paa," alisema shangazi. "Hata njiwa. Nilikuwa nawafukuza kwa mawe. Baba yako alidhani nimepata wazimu."

Vijana walikuwa wamenyamaza. Yule wa kwanza alirudi kuokota mpira, wengine wakamfuata polepole, kwa heshima, wakaenda kuchezea mbali.

Sikuwa na la kusema. Nilikaa naye. Ndege wa mkufu alikuwa bado kwenye kichuguu chake, anaimba, anatua, anaimba. Baada ya muda shangazi aliinua darubini mwenyewe, akamtafuta, akampata.

"Huyu simjui kwa hayo majina yako," alisema. "Lakini nyumbani tulikuwa na jina lake. Tulipochunga ng'ombe alikuwa anatutangulia kwenye majani."

Akalitaja. Nilimwomba alirudie mara tatu, nikaliandika daftarini kwa herufi nilizozijua. Kisha akasita. Alisema huenda jina hilo ni la yule mwingine, ndugu yake mwenye michirizi. Ni miaka mingi. Akatoa simu akampigia kaka yake mkubwa Tukuyu. Niliwasikia wakibishana kwa Kinyakyusa, wazee wawili wenye zaidi ya miaka 70, mmoja kwenye uwanja wa ndege usio na ndege, mwingine nadhani shambani, juu ya rangi ya tumbo la kiumbe waliyemwona mara ya mwisho wakiwa watoto. Shangazi alicheka. Akasema baba mkubwa ameahidi kwenda kuuliza.

Jina lile silitaji hapa mpaka majibu yarudi. Sitaki kufanya alichofanya Reichenow, kuandika kwanza na kuwaacha wenyeji wasome baadaye. Katika nchi yenye zaidi ya aina 1,100 za ndege na lugha zaidi ya 100, kuna orodha kubwa ambayo bado iko vichwani mwa watu waliochunga ng'ombe zamani. Kila msiba tunaokwenda Kyela au Rungwe unaondoka na ukurasa wake. Nilikuwa nimetoka kuzika mmoja wa watu hao juzi yake, na sikuwahi kumuuliza jina la ndege hata mmoja.

Saa nane nilikuwa kwenye gari la kwenda Songwe, mchele miguuni. Shangazi aliniaga kwenye kituo cha Ilomba, kikapu chake bado kitupu. Alikuwa amesahau sokoni.

Ndege ilichelewa tena nusu saa. Kupitia kioo niliangalia majani marefu nje ya uzio, lakini jua lilikuwa machoni, sikuona kitu. Tulipoanza kupanda ngazi simu ililia. Ni shangazi.

"Kaka amepiga," alisema. "Ameuliza wawili. Mmoja anasema ni mimi niliyepatia, mwingine anasema ni yeye. Kwa hiyo kesho nitarudi pale uwanjani nimtazame vizuri tumbo. Ile miwani yako umeiacha kwangu, eti?"

Nilipapasa begi. Darubini haikuwemo.

"Ndiyo, shangazi," nilisema. "Nimekuachia."